Springi ni Jina la Kazi, Si Jina la Chuma

Muuza nyama wa mtaani kwetu alikuja na kisu kimefungwa kwenye gazeti. Alikifungua juu ya meza, akapitisha kidole gumba ubavuni mwa makali, akasema, "Fundi, hebu gusa." Nikagusa. Makali yalikuwa yamelala upande mmoja mahali patatu, kama ukingo wa bati lililokanyagwa. Hayakumeguka hata chembe. Yalijikunja tu pale yalipokutana na mfupa.

"Na aliyeniuzia aliapa ni springi ya lori," akaongeza.

Nilichukua tupa nikaiburuta mara moja juu ya bapa, karibu na mpini. Iling'ata, ikatoa unga mweupe wa chuma kana kwamba nakata nondo. Nilimwambia ukweli: aliyekuuzia hakukudanganya. Chuma ni cha springi kweli. Kilichokosekana ni dakika chache za moto na mafuta, na saa mbili za joto dogo baada ya hapo.

Kwenye vibanda vya wahunzi, Kamukunji ya Nairobi au Gerezani ya Dar es Salaam, neno "springi" limekuwa kama muhuri. Ukiuliza bei ya panga ukaambiwa ni springi, basi unaacha kuuliza. Nami naipenda springi, nimeifua kwa miaka, na ndiyo maana inaniuma kuona inasingiziwa. Springi ni jina la kazi ambayo kipande hicho kilikuwa kikifanya chini ya gari. Halikuambii ni chuma gani, na halikuambii kipo katika hali gani leo.

Tuanze na hali. Springi ya majani, yaani yale mabapa ya chuma yanayopangwa moja juu ya jingine chini ya lori, ikitoka kiwandani imeshakazwa (imefanywa ngumu) kwa kupashwa moto na kuchovywa kwenye mafuta, kisha ikatulizwa kwa joto la takriban nyuzi 400 hadi 500 za Selsiasi, mpaka ugumu wake ukashuka kufikia kati ya 40 na 48 kwa kipimo cha Rockwell C. Huo ndio ugumu wa kubeba tani za mahindi kwenye barabara ya mashimo, kupinda na kurudi mara maelfu bila kukatika. Kisu cha jikoni au cha buchani kinataka 56 hadi 60. Kwa hiyo hata springi nzima, isiyoguswa na moto, ni laini kwa kisu. Na mhunzi akiitia kwenye mkaa mpaka ikawa nyekundu, kazi yote ya kiwanda imefutika. Akiigonga, akaipa umbo, akaiacha ipoe chini kwenye udongo, anabaki na chuma laini kuliko ile springi aliyoanza nayo. Hicho ndicho kisu kilichokuwa mezani kwangu.

Kuna jaribio ambalo wauzaji hulifanya mbele ya mteja, nalo limewapoteza wengi. Fundi anabana kisu kwenye jiriwa, anakipinda kidogo, kinarudi, anasema, "Umeona? Springi hiyo!" Alichokionyesha hasa ni wembamba wa kisu. Nguvu inayohitajika kupinda bapa la chuma haitegemei kama limekazwa au halikukazwa; inategemea unene na umbo lake. Punguza unene nusu, nguvu ya kulipinda inashuka mara nane. Moto na mafuta hubadilisha kitu kingine: ni umbali gani bapa linaweza kwenda kabla ya kushindwa kurudi. Kisu laini ukikipinda kidogo kitarudi. Ukizidisha kitabaki kimepinda. Kilichokazwa vizuri kitakwenda mbali zaidi na bado kirudi. Kilichokazwa na kuachwa bila kutulizwa kitakatika vipande viwili.

Kwa hiyo tunazungumzia sifa tatu. Ukakamavu, ambao ni suala la unene. Ugumu, yaani makali kukataa kujikunja. Na ustahimilivu, yaani kukataa kumeguka. Moto hauugusi ukakamavu. Unagawa tu kati ya ugumu na ustahimilivu, na kazi ya mtengeneza visu ni kuupata mgawanyo unaofaa.

Ili kuona mgawanyo huo unatoka wapi, inabidi tuingie ndani ya chuma chenyewe. Chuma ni punje ndogo za fuwele, na ndani ya kila punje atomu zimejipanga kwa safu. Kaboni ni abiria katikati ya safu hizo. Chuma kikiwa baridi, nafasi zake ni finyu na kaboni haipati pa kukaa, hivyo hujitenga pembeni na kuunda vibamba vigumu katikati ya chuma laini. Ukikipasha joto kupita nyuzi 727 hivi, mpangilio wa atomu unaanza kubadilika. Unazaliwa mpangilio mwingine unaoitwa osteniti, wenye nafasi pana, na kaboni inaingia ndani.

Sasa mambo yote yamo katika namna unavyokipoza. Ukikiacha kipoe polepole, kaboni inapata muda wa kushuka, na vibamba vinarudi kama awali. Ukikipoza ghafla, mlango unafungwa na abiria wote wamo ndani. Kila aliyepanda daladala ya saa kumi na mbili jioni anajua hali hiyo: hakuna anayeweza kugeuka wala kuinua mkono. Safu za atomu zimebanwa na kutanuliwa na kaboni iliyonaswa, haziwezi tena kuteleza moja juu ya nyingine, na chuma kisichoweza kuteleza ndani yake ndicho tunachokiita kigumu. Hali hii ni martensiti. Chuma cha springi kikiifikia huwa na ugumu wa Rockwell 60 na zaidi kidogo, lakini kimejaa mkazo wa ndani, na ukikiangusha sakafuni kinaweza kupasuka kama sahani ya udongo.

Kiasi cha kaboni ndicho kinachoamua kama mchezo huu utakubali. Nondo nyingi na chuma cha milango na madirisha zina kaboni ndogo mno. Uzichovye mara kumi, hazitageuka kisu. Springi nyingi za magari zina kaboni kati ya asilimia 0.5 na 0.65, na hapo ndipo panapofaa. Majina ya viwandani, ukiyajua kuyasoma, yanasema mengi. 5160 ya Marekani: tarakimu mbili za mwisho ni kaboni, asilimia 0.60, na 51 ni ukoo wa vyuma vyenye kromiamu. SUP9 ya Kijapani ni ndugu yake wa karibu. 51CrV4 ya Ulaya ina kaboni 0.51, kromiamu, na chembe ya vanadiamu. 60Si2Mn ya China ina kaboni 0.60 na silikoni inayokaribia asilimia 2, na EN45 ya Uingereza ni ya ukoo huohuo wa silikoni.

Kromiamu na manganizi husaidia jambo moja kubwa: huchelewesha kaboni kujitenga, hivyo chuma hakihitaji kupozwa kwa kasi ya kutisha. Mafuta yanatosha. Silikoni inaipa springi nguvu ya kurudi, ila ina tabia mbili za kuangalia. Inataka joto la juu zaidi wakati wa kukaza, nyuzi 850 hadi 870, ilhali 5160 na SUP9 zinaridhika na 815 hadi 840. Tena ngozi yake hupoteza kaboni upesi ikikaa motoni, kwa hiyo kisu kinaweza kuwa kigumu ndani na laini juu. Ukijaribu tupa juu ya ngozi hiyo utadhani umeshindwa, kumbe ukisaga nusu milimita unakikuta chuma kigumu.

Utajuaje ya kwako ni ipi? Kwa springi ya chakavu hutajua kwa hakika. Lori la Kijapani halithibitishi springi ya Kijapani, maana katika maisha ya gari springi hubadilishwa, na jani moja moja huongezwa kutoka popote. Ndiyo maana mimi sinunui jani moja. Nanunua seti nzima iliyotoka kwenye gari moja, naweka alama ya rangi kila jani, kisha nakata kipande cha urefu wa kidole kutoka kila moja na kukifanyia jaribio kabla sijapoteza mkaa wangu. Kipande kinapashwa joto, kinachovywa kwenye mafuta, kinaburutwa tupa. Tupa iking'ata, bado ni laini. Ikiteleza kama juu ya kioo, kimekaza; nakibana kwenye jiriwa nakipiga nyundo. Kinapaswa kukatika kwa mlio mkavu, na ndani yake pale kilipokatika paonekane kijivu laini, kama kitambaa. Ukiona punje zinazometa kama sukari, umezidisha moto. Kikijipinda bila kukatika, ama hakikupata joto la kutosha ama si chuma cha kisu.

Halafu kuna nyufa. Watu hununua springi iliyokatika kwa sababu ni rahisi, lakini inafaa kujiuliza ilikatika kwa nini. Kwa kawaida ni uchovu: kupinda mara nyingi kumezaa nyufa nyembamba ambazo jicho halizioni, hasa karibu na tundu la senta bolti na pale majani yanaposuguana. Ufa huo hautatoweka ukiufua, utajificha tu. Njia ya kuupata ni ya zamani na ni ya bei ya chaki. Safisha jani mpaka ling'ae, lipake mafuta ya taa, subiri robo saa, lifute mpaka likauke kabisa, kisha lipake unga wa chaki. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yatapanda polepole na kuchora mstari mweusi juu ya weupe wa chaki. Mara ya kwanza nilipouona mstari ule ukitokea wenyewe, mwembamba kama unywele, kwenye jani nililokuwa nimeshalichorea kisu, nililirudisha kwenye lundo na sikulisikitikia.

Kama unachotaka ni panga la shamba, shauri langu ni tofauti. Tafuta jani jembamba, likate kwa grenda ukilimwagia maji, lisage polepole, na usilitie motoni kabisa. Ugumu wa springi jinsi ulivyo unafaa panga: halitameguka likigonga jiwe, na mkulima atalinoa kwa tupa palepale shambani. Ukiona rangi ya buluu ikitambaa mbele ya jiwe la grenda, joto linakaribia kuzidi, simama. Panga la namna hii ni kazi halali kabisa, na ni bora kuliko lililofuliwa vizuri kisha likachovywa vibaya.

Kwa kisu lazima upitie moto, na baada ya kufua chuma kinahitaji kupumzika. Joto la kufulia hukuza punje, na punje kubwa ndizo zinazomegeka. Kipashe mpaka rangi ya chungwa, kiache kipoe hewani, pasipo upepo, mpaka hakiwaki tena gizani. Rudia kwa joto pungufu kidogo, na mara ya tatu kwa joto pungufu zaidi. Kila mzunguko punje zinazaliwa upya, ndogo kuliko za awali. Hatua hii haionekani kwenye kisu kilichokamilika, na ndiyo inayorukwa zaidi. Usisage makali yakawa membamba kabla ya kukaza. Acha unene wa milimita 1 hadi 1.5, vinginevyo yatajikunja kama jani la mgomba linalokauka.

Kukaza kunataka jicho zaidi ya nguvu. Fanya jioni au ndani ya kibanda chenye giza, kwa sababu jua la mchana hulidanganya jicho kwa nyuzi mia nzima. Funga sumaku ya spika mbovu kwenye waya. Chuma kikifika nyuzi 770 sumaku inaacha kukishika. Wengi huchovya hapohapo, nami nilifanya hivyo kwa muda mrefu, nikipata visu vigumu nusu nusu. Sumaku inakuambia umekaribia, haisemi umefika. Kwa 5160 bado unadaiwa nyuzi kama hamsini.

Deni hilo hulipwa kwa chumvi. Chumvi ya mezani huyeyuka kwenye nyuzi 801, wala haihitaji mtambo kukuambia. Sumaku ikishaachia, toa kisu, nyunyiza chembe chache juu ya bapa. Zikikaa nyeupe na kurukaruka, rudisha motoni. Zikilowa na kutandaa kama matone ya maji, umevuka 801. Pandisha rangi kidogo tu juu ya hapo, zungusha kisu ncha isitangulie kuiva, kishikilie dakika chache, kisha chovya. Ukitazama kwa makini gizani utaona pia kivuli kikipita ndani ya wekundu, kama wingu dogo linalosafiri kutoka kwenye makali kwenda mgongoni na kutoweka. Hicho ni chuma kikinywa joto ili kubadili mpangilio wake. Kivuli kikiisha kila mahali, mabadiliko yamekamilika. Sijawahi kuchoka kukitazama.

Kuhusu maji, niseme wazi: usitumie. Nilipokuwa mwanafunzi nilichovya kisu cha springi kwenye ndoo ya maji baridi kwa sababu ndivyo nilivyoona jembe likichovywa. Nilisikia mlio mdogo, "tiki," nikadhani ni mvuke. Kilipokauka nikaona ufa umetoka kwenye makali umefika katikati ya bapa. Springi ina kromiamu au silikoni na manganizi ya kutosha kukazwa kwa mafuta. Kasi ya maji ni kuitesa bure. Mafuta ya kupikia, ya alizeti au ya mawese, yanafaa vizuri. Yapashe kwanza mpaka nyuzi 50 au 60, kiasi cha kutoweza kuacha kidole ndani, kwa sababu mafuta yenye uvuguvugu ni mepesi na hukumbatia chuma upesi kuliko ya baridi. Oili chafu ya injini inakaza pia, lakini moshi wake una sumu na mapafu ni yako. Chombo kiwe cha chuma, kirefu, chenye mfuniko wa chuma karibu. Mafuta yakiwaka, funika. Maji juu ya mafuta yanayowaka yataupeleka moto hadi kwenye paa la kibanda chako.

Zamisha kwa ncha, moja kwa moja, kisha sukuma mbele na nyuma, kamwe si ubavu kwa ubavu, maana upande unaopoa kwanza utakivuta kisu kipinde. Kikitoka kikiwa bado kimepinda kidogo na kina joto, una sekunde chache za kukinyoosha kwa mkono wenye glovu nene. Baada ya hapo usikiguse. Jaribu tupa: inapaswa kuteleza.

Sasa kisu kipo katika hali yake ya hatari kuliko zote. Kikilala hivyo usiku kucha kinaweza kupasuka chenyewe mezani. Hatua inayofuata, ambayo mimi huiita kutuliza, ifanyike siku ileile. Kipashwe joto dogo ili baadhi ya kaboni iliyonaswa itoke na mkazo ulegee. Ukiwa na ovena, weka nyuzi 200 kwa saa moja, acha kipoe, rudia. Utabaki na ugumu wa 58 hivi, na ustahimilivu utakuwa umerudi kwa kiasi kikubwa. Usiiamini namba iliyoandikwa kwenye kitufe cha ovena. Weka kipimajoto ndani. Asiye na ovena atumie karai la mchanga juu ya jiko la mkaa na asome rangi kwenye bapa lililosuguliwa likang'aa: manjano hafifu ni nyuzi 205 hivi, kahawia ni 255, zambarau ni 280, buluu ni 300. Rangi zina maana tu kama chuma kilikazwa kwanza. Nondo nayo hugeuka buluu.

Na hapa kuna imani iliyoenea: kwamba kadiri rangi inavyosogea kuelekea buluu, ndivyo kisu kinavyozidi kuwa imara. Ugumu ndio, unashuka. Lakini katika vyuma kama 5160, ukituliza kati ya nyuzi 260 na 370 hivi, ustahimilivu hauongezeki, na mara nyingi hupungua, kwa sababu vibamba vyembamba vya kaboni hujipanga ndani ya punje na kuzifanya zikatike kirahisi. Unapoteza makali bila kulipwa chochote. Ukitaka kisu, simamia manjano. Ukitaka kitu cha kuhimili mapigo, kama panga au shoka, vuka ukanda huo wote uende nyuzi 400 na zaidi, kule springi ilikotoka.

Kisu cha muuza nyama kiliweza kuokolewa, kwa kuwa kaboni ilikuwa bado imo. Nilitoa mpini, nikasaga makali kurudi nyuma mpaka unene wa milimita moja na kidogo, nikakipumzisha mara tatu, nikangoja jua lizame. Chumvi ilitandaa, kivuli kikapita, mafuta yakavuta pumzi. Siku ya pili nilikinoa kwa maji nikakijaribu juu ya kipande cha bomba la shaba ya njano: nikayakandamiza makali kwa pembe ndogo, yakajikunja kidogo mbele ya macho yangu, nilipoachia yakarudi yalipokuwa.

Aliporudi kukichukua alikijaribu kwenye kongoro la ng'ombe alilokuja nalo, mara tano, sita, kisha akapitisha kidole gumba ubavuni kama siku ile. Hakusema kitu. Aliniomba tu nimkatie kipande cha tupa kuukuu, urefu wa kidole, akakitia mfukoni. Siku hizi akienda kununua kisu, muuzaji akisema springi, yeye anakitoa.